Mtoto kang'atwa na mbwa, chanjo ameanza. Hii sindano ya pili ya kwenye kidonda ni ya lazima kweli?

#1 mkulima_wa_ufuta
Wakuu, salaam. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, sitaitaja ni ipi. Jana jioni kijana wangu wa miaka 7 kang'atwa na mbwa asiyejulikana katokea wapi, mkono wa kulia, jino limezama. Mbwa mwenyewe wananzengo walishamuua. Leo asubuhi kijana kachomwa chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa begani. Sasa daktari anasema iko nyingine ya kuchomwa palepale kwenye kidonda, ila kwake haipo, tukaulizie mkoani, na mkoani nako hana hakika. Bei aliponitajia nilikaa chini.

Maswali mawili. Kama chanjo ni chanjo, hiyo ya pili ya nini? Halafu kinachoninyima usingizi: kijijini kwetu kuna bwana mmoja aling'atwa, akaenda kuchanjwa, na akafa. Sasa hii chanjo inafanya kazi au tunapotezeana nauli?

#2 popo_wa_mchana
Natandika mkeka hapa nasubiri wajuvi.

#3 nesi_wa_zamu
Pole sana mkuu. Kabla ya yote: kidonda mlikiosha? Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, siyo kumwagia kikombe kimoja. Kama hamkuosha, nenda bombani sasa hivi, hata leo bado ina faida.

Kwa kuwa wewe ni mkulima nikwambie kikulima. Chanjo ni kupanda. Unaufundisha mwili utengeneze kingamwili zake wenyewe, yaani askari wa kukamata kirusi, na utavuna, tena mavuno ya kudumu, lakini siyo wiki hii. Kwa kichaa cha mbwa huchukua kama siku 7 hadi 14 kingamwili za kutosha kuonekana. Sasa hizo siku katikati mtoto anakula nini? Hapo ndipo inaingia hiyo ya pili, imunoglobulini. Ni debe la unga la kuazima. Kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili wa mwingine, zinamwagwa palepale kirusi kilipoingilia, zinaanza kazi saa hiyohiyo. Baada ya wiki chache unga umekwisha, ila kufikia hapo shamba lake limeshakomaa.

#4 popo_wa_mchana
Nesi umempatia mkulima hadi nami nimeshikwa njaa.

#5 mkamba_halisi
Nyinyi mnapenda kutishana. Mimi nikiwa darasa la tano huko Makueni niliumwa na mbwa wa jirani, nikadungwa sindano moja tu na nikaenda nyumbani. Huu mwaka wa 20 na ushei sijabweka.

#6 nesi_wa_zamu
#5 moja tu? Karibu nikuapie ulidungwa ya pepopunda. Hiyo hutolewa kwa jeraha lolote chafu, na haina habari na kichaa cha mbwa. Kila mwaka napokea watu wanasema "nilishachanjwa" kumbe ni ya pepopunda. Halafu huyo mbwa wa jirani alikufa?

#7 mkamba_halisi
Hakufa. Alizeeka kwa amani kuliko jirani mwenyewe.

#8 nesi_wa_zamu
Basi hakuwa na kichaa. Mbwa mwenye virusi kwenye mate huwa ameshakaribia kufa, ndiyo maana ukimjua mbwa unamfunga na kumtazama siku 10. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa anaambukiza siku aliyokung'ata. Wa mkulima ameshauawa, kwa hiyo kipimo hicho kimepotea. Mwambieni afisa mifugo, wakati mwingine kichwa hupelekwa maabara ya mifugo. Ila chanjo isisubiri majibu.

#9 mwl_kibao
Niongeze historia kidogo. Julai 6, 1885, Paris, daktari Louis Pasteur alimchoma chanjo kijana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa na majeraha kibao ya mbwa. Sindano 13. Hakupewa imunoglobulini yoyote, haikuwepo. Na alipona, akaja kuwa mlinzi wa jengo la taasisi ya huyohuyo Pasteur. Kwa hiyo mkulima usiuze ng'ombe. Chanjo peke yake inaweza.

#10 kondakta_mstaafu
Mwalimu, Pasteur hakuwa daktari. Alikuwa mkemia. Aliyeshika sindano ni Dk. Grancher, kwa sababu Pasteur hakuwa na ruhusa ya kumchoma mtu.

#11 mwl_kibao
Nimekubali. Unakuta kondakta anajua kuliko mwalimu, ndiyo nchi ilipofikia.

#12 nesi_wa_zamu
Tatizo la kumtegemea Meister ni kwamba hata bila matibabu, siyo kila anayeng'atwa na mbwa mwenye kichaa anaugua. Inategemea mate yaliyoingia, kina cha jeraha, mahali penyewe. Ndiyo maana kila mganga ana mtu "aliyemponya". Mtu mmoja aliyepona hakwambii kitu. Anayeugua ndiye habari, kwa sababu dalili zikishaanza, anaogopa maji na upepo, karibu hakuna anayerudi.

Lakini nusu ya maneno ya mwalimu ni kweli na nataka mkulima ayashike. Kuosha vizuri, kuanza chanjo mapema na kumaliza dozi zote huokoa watu wengi mno hata pale imunoglobulini haipo. Usije ukaacha dozi ya siku ya 3 kwa sababu uko barabarani unaitafuta hiyo nyingine.

#13 jiwe_jeusi
Ndugu mkulima, nina jiwe la nyoka la ukoo, linanyonya sumu ya mbwa, nyoka na nge. Nifuate pembeni tuongee.

#14 popo_wa_mchana
#13 linanyonya na mkopo wa benki?

#15 mzee_ngosha
Wajukuu, mnalalamikia sindano mbili. Mimi mwaka 1978 nilichomwa 14, moja kila siku, kuzunguka kitovu. Siku ya sita tumbo limevimba kama kibuyu nikataka kutoroka, baba akanifunga kamba nyuma ya baiskeli.

#16 popo_wa_mchana
Shikamoo mzee. Baba aliogopa utoroke au uwang'ate watu?

#17 mzee_ngosha
Marahaba. Vyote.

#18 mwl_kibao
Mzee ulipata zile za kizamani, zilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo au mbuzi walioambukizwa. Zilikuwa dhaifu, ndiyo maana dozi nyingi, na wachache zilileta madhara kwenye mishipa ya fahamu. Siku hizi kirusi hukuzwa kwenye seli maabara kisha huuawa. Na huchomwa begani, kwa watoto wadogo kwenye paja. Tumboni hapana, matakoni hapana.

#19 dada_wa_ukonga
Mbona kila mtu ana idadi yake? Mdogo wangu alichomwa 5, mume wangu 4, juzi mtoto wa jirani wamemchoma mikono yote miwili siku tatu basi. Nani kaibiwa?

#20 nesi_wa_zamu
Hakuna aliyeibiwa. Tano ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Nne inakatisha ile ya mwisho. Mikono miwili ni ya ndani ya ngozi, haizami kwenye msuli, kiasi kidogo sana kila upande, siku ya 0, 3 na 7. Chupa moja inahudumia watu kadhaa. Zote zinakubalika. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, siyo siku ya kung'atwa, hapo watu hukosea sana.

#21 mkulima_wa_ufuta
Asanteni. Tulimwosha kwa sabuni ya kufulia, dakika ngapi sikuhesabu, mama yake alikuwa analia. Kijana ana kilo 22. Kesho naenda mkoani. Hiyo kingamwili ya kuazima, inaazimwa kwa nani hasa?

#22 kondakta_mstaafu
Kwa farasi.

#23 mkulima_wa_ufuta
Kondakta nina mgonjwa.

#24 kondakta_mstaafu
Sikutanii. Farasi huchanjwa mara nyingi hadi damu yake ijae kingamwili, anatolewa damu, inasafishwa. Mchezo huu aliuanza Mjerumani, Emil von Behring, na Mjapani Kitasato mwaka 1890, kwa pepopunda na dondakoo. Behring akapata Nobeli ya kwanza kabisa ya tiba, 1901. Dawa ya sumu ya nyoka ni mtindo uleule. Iko pia ya binadamu, wanachukua damu ya watu waliochanjwa, ghali zaidi.

#25 nesi_wa_zamu
Kwa kilo 22: ya binadamu ni yuniti 20 kwa kilo, jumla 440. Ya farasi 40 kwa kilo, jumla 880. Ya farasi mwili wa mtu huigundua ni ngeni ukaimaliza haraka, na wachache hupata upele na homa baadaye, kwa hiyo mkae mchomaji awatazame kwanza. Inamwagwa ndani na kando ya kidonda kadiri panavyoingia. Na mwisho wake ni siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo haina haja, mwili umeshaanza kuvuna wenyewe.

#26 mama_mapacha
Nisaidieni na langu, linafanana. Mapacha wangu walichanjwa surua miezi 9, na kadi ninayo. Ulipokuja mlipuko mmoja akaugua, mwenzake hakuguswa. Nesi mmoja akaniambia chanjo iliharibika, mwingine akasema nilichelewa kuwarudisha. Nani mkweli?

#27 mwl_kibao
Iliharibika. Umeme unakatika, friji inapata joto, chanjo inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8.

#28 nesi_wa_zamu
Mwalimu usimhukumu mtu na friji yake hukuiona. Kama chupa ilikuwa moja mbona mmoja alikingika?

Mtoto huzaliwa na unga wa kuazima wa mama yake, kingamwili zimepita kwenye kondo. Zinamlinda miezi ya mwanzo. Lakini ghala likiwa bado na unga, mtu halimi: kingamwili za mama zikiwepo zinakikamata kile kirusi dhaifu cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Ukichanja miezi 9, kama watoto 85 kati ya 100 wanapokea. Ukisubiri mwaka, kama 95. Ila huku kwetu kusubiri mwaka ni kumwacha mtoto wazi katikati ya surua. Ndiyo maana ipo ya miezi 18, kuwavuna waliobaki. Mapacha walikuwa wamerudishwa miezi 18?

#29 mama_mapacha
Mlipuko uliwakuta na miezi 14.

#30 dada_wa_ukonga
Lakini mapacha mama ni mmoja, unga ni uleule. Hapo nesi umenipoteza.

#31 nesi_wa_zamu
Mapacha wasiofanana hata kingamwili hawapokei sawa tumboni. Inawezekana pia mmoja alitema, hapana hiyo ni ya polio ya matone. Inawezekana mengi, dada.

#32 kondakta_mstaafu
Hapa ndipo napata jibu la kitu nilichokuwa nashangaa: kwa nini imunoglobulini ya kichaa cha mbwa isipewe mara mbili mara tatu kwa usalama. Kumbe ukimwaga unga mwingi unaizuia chanjo yenyewe.

#33 nesi_wa_zamu
Naam. Ndiyo maana inapimwa kwa kilo, haichomwi mahali pamoja na chanjo, na aliyewahi kuchanjwa kikamilifu hapewi kabisa. Huyo anapigwa chanjo za kukumbushia tu.

#34 mpemba_asilia
Nyie wa bara mwahangaika na sindano za watu, mbwa mmewaacha. Huku Pemba walichanjwa mbwa mwaka hata mwaka, kufika 2014 kichaa kikaisha. 2016 kikarudi, kilivushwa baharini na mbwa walioletwa. Wakachanja tena, 2018 kikaisha tena. Kisiwa kizima. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi, kirusi hakina pa kwenda. Sindano moja ya mbwa ni rahisi kuliko hayo madebe yenu ya unga.

#35 mkamba_halisi
Pemba mna mbwa wangapi jamani, sita?

#36 mpemba_asilia
Wallahi wapo, waja kuwahesabu wewe?

#37 dada_wa_ukonga
Naomba msinicheke. Shemeji yangu mjamzito amepimwa ana homa ya ini B. Kuna binamu yuko Ujerumani anasema mtoto akizaliwa apigwe mbili, paja hili chanjo na paja lile kingamwili, ndani ya saa 12. Kliniki wanamwambia ya pili hawana. Ni stori hiihii ya mkulima?

#38 nesi_wa_zamu
Ni hiihii, na hakuna anayecheka. Virusi vinaingia wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo kila saa ni mali. Chanjo ndani ya saa 24 za kwanza peke yake inakinga wengi. Ikiongezwa imunoglobulini wanaongezeka. Ila kuna njia ya tatu: mama apimwe wingi wa virusi, ukiwa mkubwa anaanzishiwa vidonge vya tenofovir miezi ya mwisho ya mimba. Hivyo vidonge vipo, ni vilevile vya kitengo cha VVU. Aulizie sasa, asisubiri uchungu.

#39 binti_wa_leicester
Nimeingia kimyakimya kutoka Uingereza. Mimi mwaka jana nilichanjwa wiki ya 28 ya mimba, chanjo ya kirusi cha RSV kinachobana vifua vya vichanga. Nikauliza, mimi mtu mzima cha nini? Mkunga akaniambia chanjo ni yako, unga ni wa mtoto. (Hakusema unga, nimeazima kwa nesi.) Hapa ilianza Septemba 2024.

#40 mama_mapacha
Hiyo si ngeni. Sisi wajawazito tunachomwa ya pepopunda miaka yote kwa sababu hiyohiyo.

#41 wa_goma
Bandugu, jambo. Miye niko Goma. Hii maneno ya kuazima kingamwili, kwetu Congo inajulikana sana. Mwaka 1995 kule Kikwit, Ebola ilipopiga, profesa Muyembe alichukua damu ya watu waliopona akawapa wagonjwa 8. Saba wakapona. Wazungu wakasema wagonjwa ni wachache, hiyo si ushahidi. Baadaye kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit wakapata kingamwili, wakaitengeneza dawa. Ikajaribiwa huku mashariki, Beni, Butembo, 2018 na 2019, pamoja na zingine tatu, na ikawa kati ya mbili zilizoshinda. Jaribio lenyewe waliliita Pamoja Tulinde Maisha.

#42 mwl_kibao
Kwa Kiswahili? Hilo sikulijua.

#43 wa_goma
Kwa Kiswahili kabisa. Nyie munabaki kusema tunaharibu Kiswahili.

#44 kondakta_mstaafu
#41 nina neno kidogo. Wale 8 walipewa damu wakiwa wameshaugua siku kadhaa, na wanaofika siku hizo wengine hupona wenyewe. Saba kati ya nane inapendeza, lakini wazungu hawakukosea kuuliza.

#45 wa_goma
Kuuliza sawa. Kukaa zaidi ya miaka 20 ukiuliza, hiyo ni mambo ingine.

#46 mkulima_wa_ufuta
Wakuu, nimerudi. Mkoani haikuwepo. Siku ya 3 nilimchomesha dozi ya pili palepale mkoani kwa kadi ileile, nesi asante kwa kunikumbusha maana nilitaka kupitiliza. Siku ya 5 nikaipata jijini, ya farasi, yuniti 880 kama ulivyopiga hesabu. Imenila pesa ya palizi yote. Wamemdunga kuzunguka kidonda, kijana kapiga kelele jengo zima likasimama. Tukakaa hapo saa nzima, hakutoka upele. Usiku kaniuliza kama sasa atakimbia kama farasi.

#47 popo_wa_mchana
Mwambie ndiyo, ila shuleni tu.

#48 mkulima_wa_ufuta
Nimepita pia kwa mjane wa yule bwana niliyemtaja #1. Mambo hayaeleweki. Mjane anasema aling'atwa usoni, karibu na jicho. Kaka mtu anasema alimaliza dozi zote. Kadi nimeiona ina mihuri mitatu, wa nne umefutika au haukupigwa. Imunoglobulini hakupewa. Na kabla ya hospitali kidonda walikipaka pilipili na majivu ya nywele za mbwa, siku nne wakisubiri.

#49 nesi_wa_zamu
Usoni. Hiyo ni nzito mno. Kirusi hakisafiri na damu, kinatambaa kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kutoka usoni safari ni fupi. Pale ndipo debe la kuazima lina thamani kuliko kote.

#50 mpemba_asilia
Mie naona zile siku nne na pilipili ndizo zilizomuua. Kidonda hakikuoshwa.

#51 mwl_kibao
Mnaisahau friji tena. Mihuri mitatu ya chanjo iliyopata joto ni mihuri mitatu ya maji.

#52 mkamba_halisi
Au ile dozi ya nne. Mtu akijisikia mzima harudi.

#53 dada_wa_ukonga
Au vyote kwa pamoja. Mwacheni marehemu apumzike.

#54 jiwe_jeusi
Angekuja kwangu mapema.

#55 popo_wa_mchana
#54 bado upo?

#56 mkulima_wa_ufuta
Dozi ya siku ya 14 inaangukia Jumapili na zahanati yetu Jumapili haifunguliwi. Nimpeleke Jumamosi au Jumatatu?

#57 nesi_wa_zamu
Jumatatu. Siku moja mbele haiharibu kitu. Na uende na kadi.

#58 mkulima_wa_ufuta
Sawa. Mtendaji naye katangaza afisa mifugo anakuja wiki ijayo kuchanja mbwa wote wa kijiji. Ninao wawili, hawajawahi kufungwa kamba tangu wazaliwe. Mnawashikaje?

#59 mzee_ngosha
Nyuma ya baiskeli.